Kununua Pikipiki Iliyotumika: Injini na Amana



Ndugu zangu wasomaji, na hasa nyinyi mama na dada zetu ambao aghalabu ndio mnaoshika mkoba wa nyumba, juma hili nimeona tuzungumze jambo ambalo huenda likaonekana si la safu hii, nalo ni ununuzi wa pikipiki iliyokwisha kutumika. Nimelichagua kwa kuwa pikipiki nyingi wanazopanda vijana wetu zimenunuliwa kwa jasho la mama zao. Mama ndiye awekaye akiba katika chama, na mama ndiye auzaye bangili zake za arusi. Lakini siku ya kwenda kukagua chombo huambiwa akae nyumbani, hayo ni mambo ya wanaume. Mimi pia nilikuwa wa kauli hiyo, mpaka mwezi uliopita nilipokwenda Nairobi kumzuru dada yangu.

Dada yangu anaishi Kisumu Ndogo, katika Kibera. Baadhi yetu wa pwani hudhani Kibera ni mahali pasipo na adhana, na hiyo ni dhana isiyo sawa. Wanubi, ambao ni wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la KAR, wameishi hapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina lenyewe la Kibra katika lugha yao lina maana ya msitu. Dada yangu aliolewa huko akiwa msichana, amefiwa na mumewe, na kila alfajiri hupika mahamri na viazi karai mbele ya mlango wake. Kwa karai hilo amemsomesha mwanawe mpaka akahitimu utabibu wa mifugo.

Kijana amejaaliwa kupata kazi ya kuchanja na kutibu mifugo ya wafugaji wa Kajiado, katika vijia vya mawe na vumbi vinavyochepuka kutoka barabara ya Magadi ukishapita Kiserian. Pikipiki aliyoachiwa na marehemu baba yake ilikuwa ya bodaboda, chombo cha kubebea abiria mjini, ambacho tumbo lake liko karibu na ardhi na matairi yake ni ya barabara ya lami. Yeye alihitaji ile ambayo vijana huiita skrambla, yenye kimo kirefu, shokabsoba ndefu na matairi ya meno. Mpango ulikuwa kuuza ya marehemu, kuongeza akiba ya mama, shilingi 110,000, na kununua skrambla iliyotumika. Fedha hizo zilikuwa ni mahamri ya miaka mitatu. Zikipotea, hapakuwa na nyingine.

Kabla ya kuuza, tulimwita fundi wa mtaa aitazame ile ya zamani. Aliiwasha, na nyuma ukatoka moshi wa rangi ya buluu. Nikamwuliza maana yake, naye akanifundisha jambo ambalo sikuwa nalijua, nami nawapa kama nilivyopewa.

Injini nyingi za pikipiki za leo ni za mipigo minne. Pistoni hushuka ikavuta hewa na petroli, hupanda ikabana, mchanganyiko huwaka ukaisukuma chini, kisha hupanda tena ikautoa moshi. Oili hukaa tumboni mwa injini, kazi yake ni kulainisha na kupoza, wala haitakiwi kuungua. Zile za mipigo miwili ni nyingine, kwa kuwa oili yake huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo, na moshi wa buluu ndiyo ada yake. Wazee wetu wanawakumbuka mabwana mifugo wa zamani waliokuja vijijini juu ya Yamaha DT au AG 100, wakiacha wingu nyuma yao. Hizo zilikuwa za mipigo miwili. Ndiyo maana mpaka leo watu hudhani kwamba kila skrambla ni ya moshi. Lakini injini ya mipigo minne ikitoa moshi wa buluu, inakula oili yake yenyewe. Moshi huo ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukakoma, huenda ni sili za vali zilizochoka. Ukitoka kila unapoongeza mwendo, mara nyingi ni ringi za pistoni zilizolika, na hapo injini lazima ifunguliwe.

Ya marehemu ilikuwa na maradhi hayo ya pili. Fundi akatupa rai. Alisema tumimine oili nzito zaidi, moshi utapungua kwa siku kadhaa, na pikipiki itauzwa kwa shilingi 80,000. Tukiiuza na moshi wake, tutashukuru kupata 60,000.

Ndugu zangu, nitasema kweli. Nimesomesha mlango wa biashara madrasani kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku hiyo nilinyamaza. Nilikuwa nikiihesabu ile 20,000 na kumwonea huruma dada yangu. Kimya changu hakikuwa kirefu, lakini kilikuwapo, na dada yangu ndiye aliyekivunja.

"Kaka," akasema, "hiyo ni kama mimi kuyatia mafuta mapya juu ya mafuta ya juzi. Mteja hajui, lakini mimi najua. Na huyo atakayeinunua, si mwana wa mtu?"

Nikaona haya. Maana sote twakijua kisa alichokipokea Imamu Muslim, cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni akautia mkono wake ndani ya fungu la nafaka, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hana nafasi pamoja naye. Oili nzito ndani ya injini mbovu na nafaka kavu juu ya nafaka iliyorowa ni jambo moja.

Tuliiuza kwa shilingi 62,000, kwa kijana wa bodaboda kutoka Kawangware. Tulimwambia habari ya ringi, na fundi akamkadiria gharama za matengenezo. Yule kijana alisema alikwisha kukagua pikipiki tatu kabla ya yetu, na hakuna mwenye mali aliyemtajia kasoro hata moja. Sasa tulikuwa na shilingi 172,000, na zamu yetu ya kuwa wanunuzi ilikuwa imefika. Mara hii dada yangu hakukaa nyumbani.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na skrambla inayong'aa, imepakwa rangi mpya, kwa bei ya 185,000. Tulikuwa tumempigia simu asubuhi tukamsihi asiiwashe kabla hatujafika. Dada yangu aliukaribisha mkono wake ubavuni mwa injini, akauondoa haraka, akauliza, "Imetoka safari gani?" Injini ikiwa baridi ndipo husema ukweli wake, kama inachelewa kuwaka, kama inagonga, kama inatoa moshi. Anayeipasha moto kabla hujafika huenda ana jambo la kulifunika. Ilipowashwa, ukaja moshi mwembamba. Yule bwana akasema skrambla zote ndivyo zilivyo. Dada yangu akainusa hewa, akanitazama. Mtu aliyesimama mbele ya karai miaka ishirini haambiwi na yeyote harufu ya mafuta yaliyoungua.

Fundi wetu alifungua kifuniko cha ubavuni akatuonyesha kichujio cha hewa. Kilikuwa kimechanika, na nyuma yake, kwenye njia ya kuelekea kabureta, palikuwa na vumbi jekundu. Akina mama, likumbukeni hili kuliko mengine yote. Pikipiki ya vijia vya vumbi huvuta pumzi kupitia kichujio hicho. Kikichanika, mchanga laini huingia ndani na kusaga ringi na silinda kama jiwe la kusagia. Rangi mpya haiponyi hilo. Tukaaga kwa wema tukaondoka.

Kutokana na siku zile, na maelezo ya fundi, nimekusanya mambo haya ambayo mtu yeyote anaweza kuyatazama, hata asiyejua kushika spana.

Kwanza, jueni chombo kinatakiwa kwa kazi gani. Zipo skrambla za mashindano, ambazo tangu Yamaha ilipotoa YZ400F mwaka 1998 nyingi nazo zimekuwa za mipigo minne. Ni nyepesi na kali, lakini injini zake huhudumiwa kwa kuhesabu saa za kazi badala ya kilomita, na vipuri vyake ni ghali. Utazitambua kwa kukosa taa, vioo na nambari ya usajili. Hazikuundwa kwa barabara ya umma wala kwa mtu wa kazi. Kwa kijana anayeanza, injini ndogo inayopozwa kwa hewa, mfano wa zile Honda XL 125 za mipigo minne, hutosha, na fundi wa kawaida huielewa.

Pili, chomoeni kijiti cha kupimia oili mkipanguse kwa karatasi nyeupe. Weusi si tatizo kubwa, maana oili hubadilishwa. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na huenda pikipiki ilizama mtoni. Ikimetameta chembe za chuma, kuna kitu ndani kinachosagika.

Tatu, sikilizeni. Mlio mwepesi wa kutekenya juu ya injini mara nyingi ni vali zinazohitaji kurekebishwa, na si gharama kubwa. Mkwaruzo wa mnyororo ubavuni huenda ni cheni ya taimingi. Mgongo mzito unaotoka chini kabisa ni wa kuukimbia.

Nne, tazameni athari za vijia. Meno ya sproketi yakiwa yamechongoka na kupinda kama mwiba wa waridi, yamekwisha, na cheni hubadilishwa pamoja nayo. Gongeni spoku za magurudumu moja moja kwa kalamu. Iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Tazameni shingo ya fremu na chini ya injini kama kuna ufa au uchomeleaji mpya uliofichwa na rangi. Wekeni gurudumu la mbele juu, mgeuze usukani polepole. Ukikwama katikati, biringi zimeumia.

Tano, msiiamini sana mita ya mwendo, kwani huharibika na hubadilishwa. Tazameni mpira wa kukanyagia, vishikio vya mkono na breki. Mita ikisema kilomita chache na mpira umelika mpaka chuma, uaminini mpira.

Sita, kijana aketi juu yake. Skrambla ni ndefu. Akishindwa kukanyaga ardhi vizuri akiwa ameketi, ataanguka nayo siku ya kwanza kwenye mawe, naye amebeba chanjo za watu.

Pikipiki tuliyoinunua tuliipata Ongata Rongai, kwa mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi za shambani na sasa magoti yamemkataza kupanda. Ilikuwa ya Kijapani, ya ukubwa wa 125, rangi imefifia, kiti kimeshonwa. Injini ilikuwa baridi, na ilipopigwa kiki mara ya tatu iliwaka bila moshi. Kabla fundi hajainama, mwenyewe alituambia, "Cheni imekwisha, tairi la nyuma limekwisha, na mita ya mwendo ilikufa zamani." Alitaka 165,000. Kwa kasoro hizo alizozitaja mwenyewe tukapatana 150,000.

Hapo palikuja fikihi. Nilimwomba siku tatu za hiari, naye akakubali. Ndugu zangu, sharia imetuwekea milango ya rehema katika biashara, nasi twaiacha kwa kutoijua. Kuna hiari ya kikao, kwamba mnunuzi na muuzaji kila mmoja anaweza kughairi maadamu hawajaachana mahali pale. Kuna hiari ya sharti, kwamba mnaweza kukubaliana muda wa kufikiri, usiozidi siku tatu katika madhehebu yetu ya Shafi. Na kuna hiari ya kasoro, kwamba ikidhihirika ila iliyokuwapo kabla ya kununua na ambayo hukuijua, una haki ya kuirudisha mali. Yule auzaye akasema "Mali ikitoka hairudi", hali aijua kasoro na kuificha, maneno yake hayo hayamwondolei dhima mbele ya Mwenyezi Mungu.

Tuliyaandika hayo kwenye karatasi, mbele ya mashahidi wawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana na kushuhudisha katika muamala. Siku ya pili kijana akagundua shokabsoba moja ya mbele inatokwa na oili ikishaenda mwendo mrefu. Nikampigia yule bwana simu. Hakubisha. Alisema hakuwa ameliona hilo kwa kuwa alikuwa haendi mbali tena, akarudisha shilingi 2,500 za kununulia sili, na tukaridhiana.

Kuhusu makaratasi, msilegeze. Nambari iliyogongwa kwenye fremu na ile ya injini zilingane na zilizomo katika logibuku, herufi kwa herufi. Zikiwa zimekwaruzwa kwa tupa, ondokeni hata kama bei ni ya kutupa, kwani mali ya wizi haiwi halali kwa bei nafuu. Jina lililomo liwe la huyo anayeuza, na uhamisho wa umiliki ufanywe kupitia eCitizen, katika huduma za Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, mkiwa pamoja, kabla ya shilingi ya mwisho kutoka mkononi. Kisha bima, leseni ya pikipiki, na helmeti ya kweli. Katika 22,000 zilizobaki, dada yangu alitoa kwanza fedha za helmeti, ndipo akauliza bei ya cheni.

Neno moja kuhusu mikopo. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya VAT pikipiki zisizofikia sisi 250, zimeenea kila pembe, na pamoja nazo wameenea watoa mikopo. Kununua kwa bei iliyojulikana na kulipwa kidogo kidogo kuna ruhusa kwa wanavyuoni wengi. Lakini kukopa fedha kwa riba, na faini inayozaana kila ukichelewa, ni moto. Heri kijana angoje mwaka mmoja akipanda matatu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu vijana wapandao skrambla kwa burudani, wakaenda vilimani siku za mapumziko. Burudani ya halali haina ubaya, na kupanda farasi kulihimizwa na Mtume wetu (s.a.w.). Sharti ni kuhifadhi nafsi, kutoharibu shamba la mtu, na kutoacha swala barabarani.

Nimalize kwa kisa cha sahaba Jarir bin Abdullah (r.a.). Husimuliwa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona yule farasi, akamwendea mwenyewe akamwambia mnyama wake ana thamani zaidi ya hiyo, akawa akiongeza bei mpaka ikafika 800. Alipoulizwa, akasema kwamba alimbai Mtume (s.a.w.) juu ya kumtakia wema kila Mwislamu. Huyo alikuwa mnunuzi. Sisi tumeona shida kumwambia mnunuzi kwamba ringi zimelika.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka karibu na Kisamis. Alisema amechanja mbuzi tangu asubuhi, na pikipiki imepanda mawe yote bila moshi. Kisha akasema yule kijana wa Kawangware naye amempigia. Amekwisha kubadilisha ringi, gharama imekuwa ile ile aliyokadiriwa, na anauliza kama tunamjua mtu mwingine anayeuza pikipiki.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona kasoro za vyombo vyetu, na ndimi za kuzisema. Awalinde vijana wetu njiani, na atie baraka katika akiba za mama zetu. Amin.

Wallahu aalam. Tuonane juma lijalo, inshallah.